Mzazi Anaposema "Sikubali": Historia ya Usonji Ambayo Hatukufunzwa

Kuna sentensi moja nimeisikia Kainuk, nikaisikia tena Lodwar, na juzi nikatumiwa na mtu wa Kakuma kwa meseji: "Wamesema mtoto wangu ana usonji, lakini mimi sikubali."

Kama umekulia huku unajua chenye hufuata. Upande mmoja unasema huyo mama amekataa ukweli. Upande mwingine unasema madaktari wa siku hizi wanabandika watoto majina tu, mtoto ataongea akiwa tayari, hata baba yake alichelewa. Watu wanabishana hadi jua linazama, na mtoto mwenyewe bado amekaa mchangani anazungusha gurudumu la kigari chake cha mkebe. Hakuna mtu amemfanyia chochote.

Leo sitaki kuamua nani yuko sawa kwa hiyo kesi. Mimi si daktari. Nataka tuangalie historia, kwa sababu nikifuatilia hili neno usonji limetoka wapi, nakutana na kitu kimoja kila mahali: mzazi aliyekataa alichoambiwa. Wazazi wa aina hiyo ndio walibadilisha sayansi yenyewe. Na wazazi wenye maswali ndio pia waliuziwa mojawapo ya uongo mkubwa zaidi katika historia ya dawa. Tofauti ya hizo stori mbili ndiyo nataka uishike.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kuchelewa kukua ni jina pana. Ni mtoto ambaye hajakaa, hajatembea, hajaongea au haelewi mambo kwa wakati ambao wengi wa rika lake wameshafika, na sababu inaweza kuwa yoyote. Usonji ni kitu mahususi zaidi: ubongo umekua kwa njia tofauti, kwa hivyo mtoto anawasiliana tofauti, anahusiana na watu tofauti, anarudia vitu fulani, na mara nyingi kelele au mguso unamsumbua au unamvutia kupita kiasi. Mtoto anaweza kuwa na moja bila nyingine, au zote mbili. Ukizichanganya, hata swali lako litakuwa limeenda mrama kabla hujafika hospitali.

Sasa twende Mississippi, Marekani, mwaka 1933. Kijana anaitwa Donald Triplett anazaliwa kwa mji mdogo unaoitwa Forest. Anakua akiwa hajali kama mama ameingia ama ametoka. Anazungusha vitu. Anakumbuka namba kwa njia ya kushangaza. Wazazi wanaambiwa na daktari kwamba shida ni wao, wanamsisimua mtoto kupita kiasi, wampeleke kwa taasisi na wakae mbali. Mwaka 1937 wanampeleka, akiwa na miaka mitatu tu. Huko anazidi kunyamaza.

Wazazi hawakumwacha. Mwaka 1938 walimtoa, ingawa taasisi ilitaka abaki. Baba yake, wakili, akakaa chini akaandika barua ya kurasa 33 kuhusu mtoto wake: anakula nini, anasema nini, anaogopa nini, anapenda nini. Barua ikaenda Baltimore kwa daktari wa akili za watoto anaitwa Leo Kanner. Mwaka 1943 Kanner akachapisha maelezo ya watoto 11, na Donald ndiye wa kwanza kwenye orodha. Hapo ndipo usonji ulipata jina linalojulikana dunia nzima.

Kusema haki, Kanner hakuwa wa kwanza kuona. Daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikuwa ameandika mwaka 1925 kuhusu wavulana sita wenye tabia karibu hizo hizo. Dunia haikumsikia kwa miaka mingi. Lakini rudi kwa ile barua. Ugunduzi wa Baltimore ulisimama juu ya macho ya mzazi aliyeandika kila kitu.

Baadaye kidogo Donald akawekwa kwa wakulima, mume na mke, nje ya mji. Walipoona anapenda kuhesabu, wakamwambia ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Akalima. Kanner alipomtembelea mwaka 1945 alishangaa mtoto amefika wapi. Donald alienda chuo, akafanya kazi benki ya kwao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Si kila mtoto mwenye usonji ataishi hivyo, na tusidanganyane, familia yake ilikuwa na pesa. Lakini ile akili ya wale wakulima haihitaji pesa. Kwetu ingekuwa kumwambia mtoto ahesabu mbuzi wakiingia boma.

Sasa sehemu chungu. Hata baada ya Kanner kusema mwaka 1943 kwamba watoto hawa walizaliwa hivyo, yeye mwenyewe na wengine wakaanza kuwaangalia wazazi vibaya, ati ni baridi, hawana upendo. Likazaliwa lile jina la mama friji. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyesimamia shule ya watoto Chicago, alitoa kitabu kilichosukuma hilo wazo mbele zaidi, na watu wakampenda sana. Kwa miaka mingi mama alienda kutafuta msaada akarudi na hatia.

Sikia vizuri, kwa sababu hii stori tunaijua. Mama wa Chicago aliambiwa mtoto yuko hivyo kwa sababu hukumpenda. Mama wa huku anaambiwa mtoto yuko hivyo kwa sababu ya laana, ama mahari haikukamilika, ama alikanyaga kitu akiwa na mimba. Watafiti waliozungumza na wazazi na walezi wa Kilifi na Mombasa, wakachapisha mwaka 2015, walikuta watu wakitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na magonjwa na shida za kujifungua. Mmoja alivaa koti jeupe, mwingine anasoma matumbo ya mbuzi, lakini hukumu ni moja: mama ndiye mwenye makosa.

Nani alivunja hilo wazo la friji? Mzazi tena. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani. Kijana wake alizaliwa 1956 na alikuwa na usonji. Rimland alimwangalia mke wake, akaangalia vitabu, akaona haviendani. Akasoma kila kitu alichopata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kikisema hii ni biolojia, si malezi. Mwaka uliofuata akaanzisha na wazazi wenzake chama cha kitaifa cha watoto wenye usonji. Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi wa chama hicho mwaka 1969 na kuwaondolea lawama. Halafu mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wa mapacha jozi 21 Uingereza. Kwa mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa mapacha wasiofanana, hakuna hata jozi moja kati ya 10. Friji ikazimwa. Kilichobaki ni kwamba urithi wa damu una mchango mkubwa.

Uingereza nako kulikuwa na Lorna Wing, daktari wa akili na mama wa msichana mwenye usonji. Yeye na wazazi wenzake walianzisha chama chao mwaka 1962. Miaka ya 70, yeye na Judith Gould walienda kutafuta watoto mtaani Camberwell, London, badala ya kungoja waletwe kliniki, na wakaona usonji ni mpana kuliko Kanner alivyofikiria. Mpaka wa hili jina umesogezwa mara nyingi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa nafasi yake mwaka 1980, ukaongeza jina la Asperger mwaka 1994, halafu mwaka 2013 ukaunganisha yote kuwa kitu kimoja chenye viwango tofauti. Kwa hivyo mzazi akiuliza "mmejuaje?" hajakosea adabu. Hilo swali madaktari wenyewe wamekuwa wakiulizana.

Na Afrika je? Miaka ya 70 mtafiti anaitwa Victor Lotter, ambaye alikuwa amehesabu watoto wenye usonji Middlesex, Uingereza, alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Mwaka 1978 akaripoti: kati ya watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili aliowafikia, 9 tu walitimiza masharti ya usonji.

Ukitaka kusikia "usonji ni kitu cha Wazungu", namba kama hiyo inakufurahisha. Lakini uliza alitafuta wapi. Alitafuta kwa taasisi, mijini. Mtoto wa Turkana wa 1975 ambaye haongei alikuwa wapi? Hakuwa kwa taasisi yoyote. Alikuwa nyuma ya mifugo na ndugu zake, ama ndani ya boma na nyanya yake, ama alikuwa ameshakufa. Ni kama tu wazazi wa watoto wa Kanner, wengi walikuwa wasomi, watu wakafikiri usonji ni wa wasomi. Kumbe wasomi ndio walikuwa na uwezo wa kufika Baltimore.

Hapa ndipo namuelewa vizuri mama anayesema "sikubali". Swali lake la kweli ni: mlimpima mtoto wangu kwa rula ya nani?

Mwaka 1957 Marcelle Geber aliandika kuhusu watoto wachanga wa Kampala aliowapima kwa kipimo cha Kimarekani. Walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya kwa kushika shingo, kukaa, kutembea. Watu wakaanza kusema Waafrika wameumbwa tofauti. Halafu Charles Super akaja Kenya, kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis, na mwaka 1976 akatoa jibu tamu sana. Watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kwa sababu mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea, hadi lugha yenyewe ina maneno ya hayo mafunzo. Kutambaa, ambako hakuna mtu aliwafundisha, hawakuwa mbele. Yaani kipimo kinaona mwili, lakini pia kinaona nyumbani kwenu mnafundisha nini.

Sasa leta hiyo Kainuk. Binti ya shangazi yangu ana kijana wa miaka mitatu na nusu. Alienda kupimwa, sitataja wapi. Mtoto anasikia Kiturkana nyumbani, na maswali yalikuja kwa Kiingereza na Kiswahili. Akaonyeshwa picha za vitu hajawahi kuona. Dada akaniuliza, "Sasa kama hajui friji, hiyo ni ugonjwa?" Swali safi kabisa. Lakini nikamuuliza na mimi: kwa Kiturkana anaongea? Ukimwita jina anageuka? Akitaka maji anakuonyesha kwa kidole, ama anavuta mkono wako tu kama kifaa? Akiona ngamia anakuangalia ili muone pamoja? Akanyamaza. Hayo mambo hayahitaji friji. Mtoto anayekua kawaida huyafanya Kainuk, Nairobi na Tokyo.

Hilo ndilo somo. Swali zuri linakata pande zote mbili. Linakata kipimo kibaya, na linakata pia tumaini letu la uongo.

Na Kenya imejaribu kutengeneza rula yake. Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo, kinaitwa Kilifi Developmental Inventory, wakakichapisha mwaka 2008. Kinatumia vitu vinavyopatikana pale pale na kinafanywa na watu waliofunzwa pale pale. Kwa hivyo usikubali mtu akwambie kwamba huwezi kupima mtoto wa kijijini kwa haki. Inawezekana, imefanyika pwani yetu.

Lakini nilisema kuna stori ya pili. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa London na wenzake walichapisha karatasi kuhusu watoto 12, ikidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Watoto 12! Wazazi waliokuwa na maswali ya kweli wakapata jibu la uongo. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 537,000, wakachapisha mwaka 2002: hakuna uhusiano. Mwaka 2010 jarida la Lancet likafuta ile karatasi, na Wakefield akanyang'anywa leseni ya udaktari Uingereza baada ya kupatikana na utovu wa uaminifu. Lakini ule uongo bado unatembea kwa simu zetu. Nimeuona kwa grupu za familia huku Turkana, mahali ambapo surua inaua watoto.

Sasa weka wazazi hao wawili pamoja. Baba yake Donald alikataa alichoambiwa, akaandika kurasa 33 na akaendelea kutafuta. Mzazi aliyemwamini Wakefield naye alikataa alichoambiwa, lakini akaacha chanjo. "Sikubali" ya kwanza ilimletea mtoto zaidi. Ya pili ilimnyima. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Ukikataa jina, angalia kesho yake mtoto amepata nini.

Wazazi wa Kenya wana historia yao pia. Vituo vya serikali vya kupima watoto kwa ajili ya elimu maalum, vile huitwa EARC, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Lakini watoto wenye usonji waliendelea kupotea katikati. Mwaka 2003 wazazi Nairobi wakaanzisha Autism Society of Kenya, na City Primary School ikapata kitengo cha watoto wao. Tena ni wazazi.

Najua utasema hiyo ni Nairobi. Kwa graundi mambo ni tofauti. Kutoka Kainuk hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 100, na tunajua hiyo barabara imebeba nini, kuna siku gari halitoki kwa sababu ya risasi. Kuambia mama "rudi wiki ijayo kwa kipimo kingine" ni rahisi kwa mwenye kusema. Kwa hivyo ukipata hiyo safari moja, beba maswali yaliyopangwa.

Uliza kama masikio yamepimwa. Mtoto asiyesikia haongei pia, na kupiga sufuria nyuma yake si kipimo. Sema kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama alikuwa na manjano kali, kama aliwahi kupata degedege au malaria ya kulazwa, kwa sababu hayo yanaweza kuumiza ubongo na kuchelewesha ukuaji. Sema kama alikuwa na maneno halafu yakapotea, hilo ni la haraka. Omba mtoto aongeleshwe kwa Kiturkana, hata kama ni mlinzi wa geti atatafsiri. Uliza: ni usonji, ni kuchelewa, ama ni zote? Mmeona nini kilichowafanya mseme hivyo? Na beba kile kijitabu cha mama na mtoto, kina ukurasa wa hatua za ukuaji.

Kabla ya safari, andika. Kama huandiki, mwambie mdogo wako anayejua aandike, ama rekodi video kwa simu: akicheza, akila, akiitwa. Hiyo ndiyo barua yako ya kurasa 33.

Na usingoje jibu ndipo uanze. Kaa chini usawa wa macho yake. Taja kitu anachoshika kwa lugha ya nyumbani. Mpe nafasi aombe kabla hujampa. Fuata anachopenda, kama ni gurudumu, zungusheni pamoja. Haya hayamdhuru mtoto aliyechelewa tu, na yanamsaidia mwenye usonji. Ikibainika daktari alikosea, hujapoteza kitu. Ikibainika alikuwa sahihi, hujapoteza miaka miwili ukibishana na shemeji.

Nyinyi rika langu ambao hamna watoto bado, kazi yenu ipo. Ukisikia mama anasema "sikubali", usimcheke na usimshangilie. Muulize hakubali nini hasa, halafu msaidie kuandika.